Gitaa la Mtu Mzima

Uvumi ulianzia bombani, pale wanawake wanapopanga ndoo na kupangua habari za watu. Ulisema kuna mtoto mtaa wa nyuma amepinda mgongo kwa sababu ya gitaa. Alinunuliwa kigitaa kidogo, akawa anajikunja juu yake asubuhi na jioni kama kuku anayeatamia, mpaka mgongo ukazoea na kukataa kunyooka. Habari ilipomfikia Mama Pindo, mtoto huyo alikuwa hawezi tena hata kuinua kijiko.

Aliyemfikishia ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwanamke aliyeitwa Mama Redio kwa kuwa alitangaza bila umeme wala betri.

"Mimi simo, jirani," alisema, akitua ndoo yake. "Lakini si wewe unayetaka kumnunulia binti yako gitaa?"

"Ni mimi."

"Basi nimekupa kama nilivyopewa. Chumvi sijatia."

"Na huyo mtoto umemwona?"

"Nimwone wapi? Si nimekwambia hatoki nje?"

Wanawake wakacheka. Mama Pindo naye akacheka, akajitwisha ndoo, akaenda zake. Lakini maneno yale hayakubaki bombani. Yalimfuata hadi jikoni, yakamkaa kooni kama mwiba wa samaki: ukimeza unachoma, ukikohoa hautoki.

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani katika karakana ya sare za shule. Jina alipewa na wateja, kwa sababu hakuna sare iliyotoka mikononi mwake bila pindo pana ndani. Mtoto akirefuka, mzazi anafumua uzi, anateremsha, anaendelea na safari. "Mtoto hakui kwa kukuomba ruhusa," ndivyo alivyowaambia, nao wakampenda kwa neno hilo. Nyumbani kwake sheria ilikuwa hiyohiyo. Binti yake wa pekee, mwembamba hata wakamwita Kijiti, alikuwa siku zote yuko njiani kuzifikia nguo zake. Viatu vyake vilivaliwa vikiwa vimejazwa karatasi puani.

Kipaji cha mtoto huyu kilikuwa kimegundulika. Kila Jumamosi alikwenda kwenye ukumbi ambako mwalimu mmoja wa muziki alifundisha watoto bila malipo. Alishika kigitaa cha ukumbini, kile cha kupokezana, na kabla wenzake hawajajua uzi wa juu ni upi, yeye alikuwa anapiga wimbo. Mwalimu akamwambia mama yake, "Huyu ana sikio la muziki." Mwisho wa muhula angechagua wachache wa kuingia darasa la kudumu, wasomeshwe muziki bure hadi wamalize shule. Ila kila anayetaka kuchaguliwa awe na gitaa lake la kufanyia mazoezi nyumbani.

Mama Pindo hakuwa na kitu kingine cha kumwachia mtoto. Shamba hakuna, nyumba ni ya kupanga. Darasa lile aliliona kama mlango ulioachwa wazi kwa bahati mbaya, ambao mtu mwenye akili huupita kabla wenyewe hawajakumbuka kuufunga.

Duka la vyombo vya muziki lilikuwa na vioo vya kujitazama hata usipotaka. Walikwenda wote watatu. Baba alikuja moja kwa moja kutoka kazini. Alikuwa fundi wa kupaka rangi, na nyusi zake siku hiyo zilikuwa nyeupe kama za mzee.

"Karibuni," alisema mwenye duka, macho yake yakiwa kwenye mikono ya baba. "Tafadhali tusiguse. Rangi ikishika mbao haitoki."

"Imekauka hii, bosi."

"Hata hivyo. Na mtoto asubiri pale mlangoni, vitu vyenyewe vinaanguka upesi."

Baba alitia mikono mifukoni, na humo ilikaa mpaka walipotoka. Kijiti alirudi mlangoni. Kutoka pale aliona gitaa moja dogo, la rangi ya chai, limetundikwa chini ya wenzake.

"Mama, lile pale."

"Hilo ni la watoto," alisema mwenye duka. "Nyuzi zake za nailoni, hazikati vidole."

"Bei gani?"

Akaitaja. Mama Pindo akauliza bei ya lile kubwa lililokuwa juu yake. Akaitaja pia. Tofauti ilikuwa ndogo, ya kununulia mkate.

Mama Pindo aliyatazama yale magitaa mawili kama anavyotazama vitambaa viwili mezani.

"Yaani mbao nusu, bei karibu ileile?"

"Kazi ya kulitengeneza ni moja, mama."

"Kazi ni yenu. Mimi nanunua mbao."

Baba akacheka, na mwenye duka akatabasamu nusu.

"Na hili dogo, akishakua, atalifanya nini?"

"Akishakua halitamtosha tena. Itabidi abadilishe."

"Ninunue mara mbili? Halafu nasikia haya madogo yanawapinda watoto migongo."

Mwenye duka hakuwahi kusikia jambo hilo. Lakini gitaa kubwa lilikuwa limekaa ukutani siku nyingi likila vumbi, na mteja alikuwa amesimama mbele yake na pesa mkononi.

"Watu husema mengi, mama," alijibu. "Chaguo ni lako."

"Teremsha kubwa. Atalikulia."

Liliteremshwa, likafutwa, likatiwa kwenye mfuko wake mweusi, na zipu ikafungwa. Kijiti alikuwa bado mlangoni.

Nyumbani aliketi ukingoni mwa kitanda, akalipakata. Kichwa kilibaki juu, na miguu ikabaki chini. Katikati palikuwa gitaa tupu. Mkono wa kulia ilibidi uruke juu ya tumbo lile pana, kama wa mtu anayeanika nguo kwenye kamba ya juu. Wa kushoto aliunyoosha wote kuifuata shingo ya gitaa, na hata hivyo vidole vilifika kule mwisho vimechoka, kila kimoja kikimsukuma mwenzake.

Mama Redio alipita, akasimama mlangoni, akashika kiuno.

"Jamani! Siku hizi magitaa ndiyo yanapakata watoto?"

"Cheka tu," Mama Pindo alimjibu bila kuinua macho kwenye kitambaa chake. "Hata gauni lako la harusi lilikupwaya, sasa hivi je?"

"Sasa hivi limenikimbia!" alisema Mama Redio, akaenda zake akicheka peke yake.

Lakini sauti iliyotoka kwenye gitaa haikuwa ile ya ukumbini. Nyuzi zilikohoa. Moja ililia, ya pili ikafa, ya tatu ikatoa mlio wa bati. Wimbo uleule ambao Kijiti aliupiga kama anatembea, sasa aliupiga kama anavuka mto kwa kuruka mawe.

"Ukumbini ulikuwa unapiga vizuri," mama yake alisema. "Hapa umepatwa na nini?"

"Vidole havifiki, mama."

"Vitafika. Vinyooshe."

"Nimevinyoosha."

"Basi vinyooshe tena. Kitu kizuri hakiji kwa kubembelezwa."

Ikawa sheria. Akirudi shule, kabla ya kutoka kucheza, gitaa kwanza. Mama Pindo alileta nyumbani kazi za kumalizia vifungo, akawa anashona huku akisikiliza kupitia pazia. Sauti ikikatika, alipaza yake: "Sisikii!" Na sauti ilirudi, ikikohoa. Vidole vya mtoto vilichorwa mistari na nyuzi za chuma. Vilipoanza kupasuka alivificha kwa kukunja ngumi, hata mezani.

Baba aliona. Jioni moja, akijisugua rangi kwenye karai, alisema, "Mwache apumzike leo. Mtoto amechoka."

"Wewe kila kitu apumzike," mkewe alimjibu. "Sisi tulipumzika, tukafika wapi?"

Baba aliinamia karai. Aliendelea kujisugua.

Siku ya kuchaguliwa ilipokaribia, Mama Pindo aliamua kumshonea binti yake gauni jipya. Alimsimamisha juu ya kigoda, akamvalisha likiwa na uzi wa kushikizia, akashika chaki. Pindo la chini upande wa kulia lilikuwa limepanda. Fundi wa kweli kwanza hujilaumu mwenyewe. Alidhani mkasi ulimteleza. Akafumua, akashusha. Likapanda tena.

"Simama wima, we mtoto."

"Nimesimama wima."

"Wima gani huu? Umeegemea nini?"

Kijiti hakuwa ameegemea kitu. Mama Pindo akarudi nyuma hatua moja, akamtazama kama anavyotazama sanamu ya kuning'iniza nguo dirishani. Bega la kulia lilikuwa juu ya lile la kushoto. Halikuwa juu sana. Mtu mwingine asingeona. Yeye alikula kwa kuona vitu kama hivyo.

Chaki ikamdondoka. "Inua mkono."

Mtoto aliuinua hadi usawa wa sikio, akauma mdomo, akaushusha.

"Unaumwa?"

"Hapana, mama."

Asubuhi yake hakwenda karakanani. Walikaa kwenye benchi la zahanati mpaka matako yakafa ganzi. Muuguzi alimbonyeza mtoto begani, shingoni, mgongoni, akamkunja kifundo cha mkono.

"Mgongo?" Mama Pindo aliuliza kabla hajaambiwa kitu. "Mgongo wake ukoje?"

"Mgongo mzima kabisa."

"Alhamdulillahi," alisema mama, akaegemea ukuta kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Tatizo ni misuli ya bega, imekaza. Na hiki kifundo kimechoka. Kuna kitu anabeba? Kazi gani anafanya?"

Palikuwa na nafasi hapo ya kusema. Mama Pindo aliiona nafasi hiyo, akaiacha ipite. Aliogopa kuambiwa, "Aache gitaa," na siku yenyewe imeshafika mlangoni.

"Habebi kitu," alisema. "Ni mwanafunzi tu."

Muuguzi akamtazama mtoto. Mtoto akatazama miguu yake. Walipewa dawa ya kuchua, wakaambiwa apumzike. Akapumzika siku chache, bega likashuka kidogo, kisha gitaa likatolewa tena kwenye mfuko wake. Mama Pindo alikuwa analinda mlango wa mbele, naye mwizi alishaingia kwa dirisha la nyuma.

Ukumbini wazazi waliketi kwenye mabenchi, wamevaa nguo zao za kutokea. Kijiti aliingia akilikokota gitaa, mfuko ukisugua sakafu.

"Mama, mbona mtoto amebebeshwa jeneza?" mwanamume mmoja alitania, na benchi zima likacheka, wengine kwa adabu, wengine kwa meno yote. Mama Pindo alinyoosha gauni lake magotini.

Mtoto wa kabla yake alipiga kigitaa kidogo kilichomkaa mapajani kama paka. Hakuwa hodari. Alikosea mara mbili, akacheka, akaendelea. Kisha akaitwa Kijiti.

Alikaa. Gitaa likamfika kidevuni. Bega likapanda. Alianza wimbo ambao kila mtu aliyemsikia mwanzo wa muhula aliukumbuka, na ukamfia mikononi. Akasimama, akapangusa vidole kwenye gauni, akaanza upya. Ukafia palepale. Mara ya tatu mkono wa kushoto uliteleza shingoni ukaanguka pembeni, ukabaki umening'inia, na yeye akautazama kama mkono wa mtu mwingine.

"Samahani, mwalimu," alisema, akashuka.

Majina yaliposomwa, lake halikuwamo.

Mama Pindo alisubiri mpaka ukumbi ukabaki na viti. Mwalimu alikuwa anavipanga ukutani, funguo ziko mdomoni.

"Mwalimu, ulisema ana sikio."

Mwalimu alitoa funguo mdomoni. "Analo, mama."

"Sasa limeenda wapi?"

"Sikio halikwenda popote. Mkono ndio haufiki. Lile gitaa ni la mtu mzima. Nilimwambia tangu wiki za mwanzo: mwambie mama akabadilishe. Nikamwambia tena, na tena."

"Ulimwambia nani?"

"Mtoto."

"Na mimi nakaa wapi, mwalimu, mwezini? Kila Jumamosi namleta mpaka pale mlangoni!"

"Nina ukumbi mzima wa watoto, dada yangu," mwalimu alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama tangu alfajiri. "Nilidhani amekwambia. Ulipokaa kimya nikadhani hali hairuhusu. Sikutaka kukuaibisha."

Wakatazamana. Mwalimu alikuwa amemsitiri mama, na aliyebaki uchi ni mtoto.

"Ungemkalisha tu dukani akalipakata," mwalimu aliendelea, kwa upole sasa. "Bega likae chini. Kiwiko kibaki na mkunjo hata mkono ukifika mwisho wa shingo. Vidole vikae bila kunyang'anyana nafasi. Ni jambo la kupima."

Neno hilo la mwisho lilimpata. Hapakuwa na gauni alilowahi kulikata bila kumpima mwenye mwili, hata la mteja asiyelipa. Na gauni kubwa lina pindo. Ukilikosea unalikunja ndani, mtu anatembea. Gitaa halikunjwi.

"Mpe nafasi nyingine, mwalimu. Nitabadilisha leo hii."

"Majina nimeshayasoma mbele ya watu. Nikimwingiza wako, nimtoe wa nani?"

Mama Pindo akageuka kutazama nje, ambako watoto waliochaguliwa walikuwa wanakimbizana vumbini. Yule wa kigitaa cha mapajani alikuwamo. Hakuweza kumnyooshea kidole hata mmoja.

Njiani alilibeba gitaa yeye mwenyewe. Walitembea hadi walipopita maduka ya mwisho.

"Kwa nini hukuniambia?"

Kijiti alipiga teke kokoto.

"Mwalimu alikutuma neno, hakukutuma?"

"Alinituma."

"Basi?"

"Ulikuwa umeshawaambia watu wote kwamba hili ni la maisha." Mtoto alikunja ngumi. "Na baba aliambiwa asiguse."

"Hayo ya baba ni ya watu wazima. Wewe ulikuwa unaumia, unanyamaza tu?"

"Nilijua nitakua."

"Utakua lini?"

"Nilikuwa naning'inia mlangoni, pale juu, wewe ukienda kazini. Kila siku. Nilidhani nitarefuka kabla ya siku yenyewe."

Mama Pindo alilihamishia gitaa bega la pili. Lilikuwa zito hata kwake. Alitaka kusema neno la mama, lenye busara, la kumaliza mambo, lakini kila alilolishika lilikuwa moja ya yale maneno aliyomwambia mtoto kupitia pazia. Akamshika mkono, ule wa kushoto, akafungua ngumi yake kwa vidole, akatazama. Kisha akaifunga tena, polepole, wakaendelea kutembea.

Kesho yake dukani, baba akiwa amebaki nje, mwenye duka aliligeuza gitaa huku na huku, akaonyesha mkwaruzo wa sakafu ya ukumbi.

"Hili lilitoka hapa jipya, mama."

"Najua lilivyotoka."

"Naweza kukupa lile dogo, kwa hili. Hakuna pesa ya kurudisha juu yake."

"Sikudai cha kurudisha. Lete kiti."

"Kiti cha nini?"

"Mtoto akae."

"Mama, utaratibu wetu, watoto hawa—"

"Ataligusa," alisema Mama Pindo. Hakupaza sauti, hakuwa nayo ya kupaza. "Ataligusa hapahapa mbele yako, ndipo tuzungumze. Na baba yake, aliye pale nje, aje asimame anapoona."

Kiti kikaletwa. Kijiti akapakata lile la rangi ya chai. Lilikaa. Mkono wa kulia ulilipita tumbo lake bila kuruka. Wa kushoto ulifika mwisho wa shingo na kiwiko kikabaki na mkunjo. Vidole vikakaa kila kimoja mahali pake, kama watoto waliofundishwa adabu. Alibonyeza, akapiga, na sauti ikatoka safi, fupi, mpaka mwenye duka akaacha alichokuwa anaandika.

Lakini bega la kulia lilipanda.

"Lishushe, mwanangu," mama alisema. "Hili dogo. Hakuna tena cha kuruka."

Mtoto alilishusha. Alipopiga mara ya pili, likapanda lenyewe, bila kuulizwa.

"Linamtosha?" mwenye duka aliuliza.

"Linamtosha," alisema Mama Pindo. Mkono wake ulikuwa juu ya bega lile, unalikandamiza taratibu, na aliendelea kuuweka hapo wimbo wote.

Mwenye mtoto anayetaka gitaa, aepuke haya:

Kulinunua mtoto akiwa hayupo, au akiwa amesimamishwa mlangoni. Alipakate kwanza.

Kusema "atalikulia." Kukua ni kwa kesho, kuumia ni kwa leo.

Kupima mbao na bei. Pima mkono.

Kwenda kwa umri peke yake. Watoto wa umri mmoja hawana mikono ya urefu mmoja.

Gitaa linalopandisha bega, au shingo inayonyoosha kiwiko chote.

Nyuzi za chuma kwa vidole vichanga, wakati za nailoni zipo.

Kumwamini muuzaji aliyenyamaza. Kunyamaza kwake nako ni kuuza.

Maneno ya watu ambayo hakuna aliyemwona mwenyewe.

Kumficha muuguzi kitu kwa kuogopa jibu lake.

Kutuma neno kubwa kwa mdomo mdogo; walimu, hili ni lenu.

Kumwita mvivu mtoto ambaye jana alikuwa anaweza.

Na kungoja mtoto aseme kwamba anaumia. Anayekupenda hasemi.